Hii ni ya Duka Gani?

Jumamosi moja nilitundika picha kumi na moja kwenye vibanda vitatu ambavyo vilikuwa bado havijatiwa milango, hapa Muthara, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Mwenye vibanda alikuwa amenipa ruhusa ya siku moja. Nilifagia mabaki ya saruji, nikagongomea misumari, nikaweka kiti changu cha plastiki pembeni kama muuza mayai, nikangoja. Nimeandika mabango kwenye barabara hii kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza ya picha nyumbani.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja wa koti la kijivu, shavu moja limetuna miraa. Alisimama mbele ya picha ya vijana wanaofunga miraa kwa majani ya mgomba, magharibi imeingia, taa za gari zikiwamulika mikono. Aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku, akatazama picha tena, akacheka peke yake. Nilidhani ameipenda. Kisha akainama akatazama ukingo wa chini wa picha, akainua macho akatazama wa juu, akachungulia hata nyuma ya hadibodi. Alikuwa anatafuta kitu.

"Fundi," akasema, "hii ni ya duka gani?"

"Si ya duka, mzee wangu. Ni picha tu."

"Ni picha, naona. Inatangaza nini?"

Nikamwambia haitangazi kitu. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyelima shamba vizuri, akapiga matuta, halafu akasahau kupanda. Akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimeulizwa swali hilo, kwa maneno hayohayo au yanayofanana nayo, na watu wasiopungua wanane. Picha zilizonunuliwa zilikuwa sufuri.

Usiku ule nililala nikimlaumu mzee. Ilinichukua muda kukubali kwamba swali lake lilikuwa la mtu anayejua kutazama. Muthara haina jumba la sanaa. Ukitaka kuona vitu vilivyowekwa mahali ili vitazamwe tu, nenda mjini Meru kwenye makumbusho, katika jengo lililojengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya DC na likafanywa makumbusho mwaka 1974. Au ngoja maonyesho ya kilimo ya ASK, ambako nimewahi kutundika picha kati ya banda la mbolea na banda la mbuzi wa maziwa, na mbuzi wakanishinda vibaya kwa watazamaji. Lakini rangi yenyewe iko kila mahali. Yuko ng'ombe wa bucha, ambaye sijui kwa nini sisi mafundi wote humchora akiwa na furaha. Yuko kuku wa agroveti, mwenye afya kuliko kuku yeyote wa Tigania. Viko vile vichwa vya kinyozi visivyo na mabega. Mtu wa hapa amekua akijua kwamba rangi ukutani ina mwenyewe na ina kazi. Picha isiyo na mwenyewe ni kama mbuzi anayezurura barabarani bila kamba: unauliza ni wa nani kabla hujamsifu.

Na mimi mwenyewe nilifundishwa kuandika kabla ya kuchora. Ilikuwa mwaka 1996, mjini Meru, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya gereji upande wa Makutano. Mwalimu wangu alikuwa saini raita wa zamani, mtu wa maneno machache na vidole vyenye rangi isiyotoka hata siku ya Jumapili. Hakunipa brashi. Alinipa chaki, bati bapa lililopakwa rangi nyeusi, na neno moja: KINYOZI. Nililiandika wiki nzima. Wiki iliyofuata akanipa MUTHARA, kwa sababu ndiko nilikotoka.

Maneno yote mawili yana herufi saba. Kwa hiyo nilichukua rula, nikaligawa bati sehemu saba sawasawa, nikaandika. KINYOZI ikatoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili. MUTHARA ikabanana hadi M ikapanda juu ya U. Mwalimu akazifuta zote mbili kwa kitambaa kibichi, akasema rula ni ya seremala. Kisha akachukua chaki. I ni mti mmoja tu, na KINYOZI inazo mbili, kwa hiyo neno hilo ni jembamba kuliko hesabu ya herufi zake. M inataka nafasi ya mtu pamoja na mzigo wake. O ukiipa kimo kilekile cha N itaonekana imedumaa, lazima uivushe mstari kidogo juu na chini, unene wa unywele, ndipo jicho liione sawa na wenzake. T imeinua mikono na chini ya kila mkono ni patupu. R na A zinagongana miguu huku vichwa vikiwa mbali. Aliniambia nisipime herufi, nipime hewa iliyo kati yake. Nifikirie namimina maji katika kila pengo, na kila pengo lijae kwa kikombe kilekile.

Na unaanzia katikati. Kwa kuhesabu, katikati ya MUTHARA ni H. Kwa upana, katikati iko karibu na mguu wa kushoto wa H, kwa sababu M imekula zaidi ya fungu lake. Haya nilikuwa nimeshaambiwa siku nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, bango la hoteli, na bado nikaanzia kushoto kama mtu anayeandika barua. Nilipofika mwisho nafasi ilikuwa imeisha na neno halijaisha. Herufi mbili za mwisho zikasimama ubavu kwa ubavu, zimekonda. Mwenye hoteli alinilipa, Mungu ambariki, na bango likakaa miaka sita. Kila nilipopita hapo nilitazama upande wa pili wa barabara.

Funzo la tatu lilikuwa la kioo. Dirisha la duka huandikwa kwa ndani, ili mvua na kitambaa cha msafishaji visile rangi, maana yake unaandika kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi imegeuzwa. Hapo ndipo mwalimu alipotabasamu kwa mara ya kwanza. "Nyinyi watu wa Muthara mna bahati," akasema. M haigeuki. U haigeuki. T, H, A, zote ziko vilevile ukizitazama kwa mbele au kwa nyuma. Katika herufi saba ni R peke yake inayokugharimu. KINYOZI inazo tatu: K, N na Z. Tangu siku hiyo sijaweza kulitazama jina la kwetu bila kuiona ile R, mgeni mmoja katika familia ya watu wanaofanana pande zote.

Kiswahili kina kitenzi kinachonifurahisha kuliko vyote vinavyohusu kazi yangu. Tunaandika barua, na tunaandika meza, yaani kupanga sahani na vikombe kila kimoja mahali pake. Na hapa Kenya tunaandika mtu kazi. Mama mmoja wa hoteli, nilipochelewa kumalizia ukuta wake, alinikumbusha: "Fundi, nimekuandika ili uniandikie." Nafikiri maana hizo zote ni moja, ni kukipa kitu mahali. Kuchora kuna historia nyingine, ya kukata na kutia alama kwa ncha, kazi ya patasi ya mafundi wa milango ya pwani. Anayeandika anapanga vilivyopo. Mimi ni mpangaji kwanza, na picha zangu, hata zile ninazozipenda, nikizitazama sana naona ni meza iliyoandikwa.

Zamani tulilipwa kwa herufi, na hilo lilileta vita vidogo visivyoisha. Kiswahili kina vokali tano. Kimeru kina saba, na zile mbili za ziada huandikwa kwa kuivisha i au u alama juu yake. Mzee wa kanisa aliniletea siku moja sentensi ya Kimeru ya kuandika juu ya mlango, nikaiandika na alama zake zote. Wakati wa hesabu akanyoosha kidole: "Na hizi kofia pia unatoza?" Nikasema sitozi. Akasema basi ziache. Mteja wa duka, kwa upande wake, aliniamuru nizitoe kwa sababu zilionekana kama rangi iliyodondoka. Ukipita leo vijijini utaona lugha yetu ikitembea kichwa wazi ukutani, na sehemu ya lawama ni yetu sisi mafundi tuliochoka kubishana kuhusu kofia za bure.

Jambo lililonifungua macho kama mchoraji, hata hivyo, ni kivuli. Mwalimu alinifundisha kwamba kivuli cha herufi huangushwa chini kushoto. Sababu yake si jua, ni uvivu wenye akili. B, E, K na R zote zina mgongo ulionyooka upande wa kushoto, kwa hiyo kivuli cha kushoto ni mkokoto mmoja mrefu wa brashi. Ukikiweka kulia itakubidi uzunguke matumbo na kuingia kila kichochoro. Kompyuta haichoki, ndiyo maana yenyewe mara nyingi hukiangusha kulia. Ukitaka kujua bango lipi ni la mkono na lipi la mashine, acha herufi, tazama kivuli.

Lakini jua la kwetu halimfuati mwalimu wala mashine. Ikweta inapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru. Machi na Septemba, saa sita mchana, jua liko utosini, na kivuli cha kweli cha ubao uliotokeza ukutani huteremka wima kama pazia. Juni jua limehamia kaskazini na ukuta unaoelekea huko unawaka. Desemba ukuta uleule unashinda kivulini. Nilikuwa juu ya ngazi, nikipaka kivuli cha uongo chini kushoto, huku kivuli cha kweli cha mkono wangu mwenyewe kikiteremka moja kwa moja chini, na nikaona kwamba si cheusi. Juu ya ukuta uliopakwa rangi ya krimu na kutiwa vumbi jekundu la barabara, kivuli changu kilikuwa na zambarau ndani yake. Niliteremka, nikachanganya rangi kwenye kifuniko cha mkebe mpaka nikaipata. Picha yangu ya kwanza isiyo bango ilikuwa ya hicho tu, kivuli cha ngazi ukutani. Watu wanaponiuliza msukumo unatoka wapi, huwa wanatarajia niseme milima ya Nyambene. Milima ninayo, iko pale, lakini mimi hulipwa nikiwa nimeipa mgongo.

Kuta zenyewe zimenipita kama abiria. Upo mmoja nilioupaka mara nne kwa kampuni ileile ya simu: ilikuja ikiitwa Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008 na kunifanya nipake pinki hadi ndotoni, ikawa Airtel mwaka 2010. Ukikwangua pembeni kwa ukucha unakuta miaka kumi kwa unene wa kadi. Jirani yake ni kijani ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Februari 2004 sheria za usafiri za waziri Michuki zilipoanza, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, nasi tuliokuwa tukichora simba na wanamuziki tukageuka wapiga mistari. Niamini, mstari ulionyooka kwenye gari lililobonyea ni mgumu kuliko simba. Juni 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, kazi ya mabango ilipungua hapa hata kwa watu ambao hawakuwahi kuuza bunda moja, kwa sababu pesa ya miraa ndiyo iliyokuwa ikifungua maduka. Kisha yakaja mabango ya plastiki ya kuchapwa, ambayo yanakuwa tayari kabla sijakoroga rangi. Siyalilii. Ila mengi yameandikwa na mtu aliyegawa nafasi sehemu saba kwa rula.

Nairobi nilikwenda kabla ya maonyesho yale ya vibandani. Nilibeba picha sita za kuta za kwetu, na herufi zake zote: bucha, posho, kinyozi, mabaki ya Zain yanayochungulia chini ya nyekundu. Kwenye jumba moja la sanaa nilipokewa vizuri, nikapewa chai. Kisha nikaambiwa kwa upole kwamba rangi naijua, lakini maandishi yanaifanya kazi ionekane ya mtaani, kama tangazo. Nikarudi na picha zangu kwenye gari la Maua, nikaamua kutoa maneno. Zile kumi na moja nilizotundika hazikuwa na herufi hata moja. Ndiyo kusema, Nairobi picha zangu zilikuwa na duka kupita kiasi, na Muthara hazikuwa na duka kabisa.

Ningekuwa nimesoma zaidi wakati ule nisingeogopa. Chéri Samba alianza kama mimi, mchora mabango mjini Kinshasa mwaka 1972, akafungua karakana yake mwaka 1975, na maneno aliyojaza kwenye picha ndiyo yaliyowasimamisha wapita njia na baadaye kumfikisha kwenye majumba makubwa ya Ulaya. Lakini anayenigusa zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora historia nzima ya nchi yake, picha zaidi ya mia moja, nyingine juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na mwaka 1973 na 1974 akakaa na mtafiti Johannes Fabian akimweleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996, wakati habari za Tshibumba mwenyewe zilikuwa zimekatika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wa Lubumbashi waliokuwa wakinunua picha za aina hiyo na kuzitundika sebuleni walikuwa na neno lao la kueleza kazi ya picha nyumbani: ukumbusho. Hawakuuliza inatangaza nini. Walitaka ikukumbushe jambo, na kama haikukumbushi kitu, ya nini kuipa msumari?

Nilipolisoma neno hilo nilimfikiria yule mzee. Yeye na wao wanadai kitu kimoja, kwamba picha iwe na kazi.

Halafu yuko Rosemary Karuga, ambaye ningependa kila mtoto wa shule huku kwetu amjue. Alizaliwa Meru mwaka 1928. Alisomea sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipokuja kurudia sanaa kwa nguvu, umri umesonga na rangi hazinunuliki, alichukua vilivyokuwa jikoni: pakiti za unga, karatasi za sabuni ya Rexona. Akazikata vipande vidogo, akavibandika, vikawa wanawake, ng'ombe, kuku, miti. Mwaka 1987 alikuwa kwenye kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, akifanya kazi hiyo, na mwaka 1990 vipande vile vikatundikwa Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Ukifikiria, kila pakiti ya unga ni bango. Mtu fulani alikaa akapima nafasi za herufi zile, akachagua nyekundu ile, ili unga uuzwe. Karuga akaja na mkasi, akaikata ile nyekundu ikawa kanga ya mama anayetembea. Hakufuta tangazo kama nilivyoambiwa nifute mimi. Aliligeuza kuwa kitu kingine, na unga ulikuwa umeshapikwa.

Basi miezi kadhaa baada ya vibanda, nikaamua kumjibu mzee. Sikuandika neno lolote kwenye picha. Nilizipeleka kwenye maduka. Picha ya mama wa chai ikaenda kwa mama wa chai, ya fundi baiskeli ikaenda kwake, ya kuku ikatundikwa agroveti chini ya yule kuku wangu mwenye afya, na kwa mbali walionekana kama ndugu waliogombana. Kumi zikapata kwao. Ya vijana wa miraa haikuwa na duka, kwa sababu miraa hufungwa popote palipo na mwanga. Kinyozi wa karibu na steji akasema niilete kwake, ukuta wa nyuma uko wazi. Mimi naye tulikuwa na kazi nyingine: alitaka dirisha lake jipya liandikwe, MUTHARA KINYOZI, kwa ndani, rangi nyekundu na kivuli cheusi.

Siku ya pili nilikuwa kwenye hilo dirisha, nimefika kwenye R, brashi imejaa, mzee wa koti la kijivu akaingia kunyolewa. Koti likatundikwa, shuka likafungwa shingoni, akageuzwa kuelekea kioo. Mashine ikaanza. Kisha nikamsikia akicheka, cheko lilelile la peke yake.

"Fundi, sasa ndiyo umeirekebisha."

"Nimerekebisha nini, mzee?"

"Hawa vijana. Siku ile wote walikuwa wa shoto."

Niligeuka. Nilitazama picha ukutani, kisha nikaitazama ndani ya kioo mbele yake. Ukutani vijana watano walikuwa wakikaza kamba kwa mkono wa kushoto, wote watano. Ndani ya kioo walikuwa wakikaza kwa mkono wa kulia, kama vijana wengi wa Muthara.

Ndipo nikakumbuka jioni yenyewe. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya pikapu ya miraa, naandika uzito na jina la mwenyewe mlangoni, dereva ananiharakisha kwa sababu miraa haingoji, siku mbili tu makali yake yameisha. Vijana walikuwa nyuma yangu. Sikuwa na nafasi ya kugeuka. Niliwatazama kwa vipande vipande katika kioo cha pembeni cha gari, taa za gari la nyuma zikiwawakia, na hivyo ndivyo nilivyowabeba kichwani hadi nyumbani. Miaka yote hiyo nimegeuza kila R iliyopita mikononi mwangu, na mikono kumi ilinipita. Mzee aliiona Jumamosi ileile ya kwanza, tena kwa kutazama mkono wake mwenyewe. Hakusema, nadhani kwa adabu. Au alifikiri ni duka la watu wa shoto.

Nilimwambia kinyozi nitaichukua picha niirekebishe. Akakataa. Alisema wateja wake hawaitazami ukutani, wanaitazama kwenye kioo, na huko haina kasoro. Akataka kuinunua. Tukakubaliana nusu kwa pesa taslimu, na nusu nyingine kwa kunyolewa mara kumi na mbili. Nimeshanyolewa mara tisa. Zimebaki tatu.